Bei ya Kucheza kwa Mama Abonema

Mwanamke huyu alichukia kelele kuliko mtu yeyote niliyepata kumfahamu huko Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa kusini mwa Bujumbura, na chumba chake ndicho kilikuwa na kelele kuliko vyote, ukiondoa mashine za kukamulia mawese. Alikuwa mshonaji. Jina lake nalijua, lakini mtaani kwetu, kule chini karibu na msikiti, hakuna aliyelitumia, nami sioni sababu ya kuanza leo. Wakubwa walimwita Mama Mushonaji. Sisi tuliokuwa tukicheza kwake tulimwita Mama Abonema, yeye akiwa mbali.

Abonema ni malipo ya mwezi. Ukishalipa, kila siku baada ya chakula cha mchana uliingia chumba chake cha mbele, ukakaa kwenye mkeka na kusubiri zamu yako ya kushika maneti, yaani kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Konsoli, mashine yenyewe ya michezo ya televisheni, ilikuwa ya kijivu. Aliletewa na kaka yake aliyefanya biashara Kigoma, ambaye nadhani alishindwa kuiuza. Televisheni ilikaa upande mmoja na cherehani upande wa pili, na yeye alishona akiwa ametupa mgongo. Hata hivyo alijua nani anadanganya. Ukibonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo wakati mwenzako anakaribia kufunga, ulisikia sauti kutoka kwenye cherehani: “Acha ujinga, weye.”

Umeme wa mji ulikuja ukipenda. Mchezo wetu uliendeshwa na jenereta ya dizeli iliyobaki baada ya mashine ya kusaga ya marehemu mumewe kuuzwa. Sisi tuliiita grupe, na dizeli tuliita mazutu. Grupe ilikaa uani chini ya bati, ikinguruma na kutema moshi juu ya nguo za majirani. Majirani walilalamika kwa adabu, kwa sababu watoto wao walikuwa ndani wakicheza.

Hapo lazima niseme habari ya vita, ingawa sipendi kuisema. Asubuhi kulikuwa na shule, ikiwa shule imefunguliwa. Jioni kila mtu alikuwa nyumbani mlango umefungwa. Alasiri ndiyo ilikuwa mbaya, maana ndiyo saa ya vijana kukaa kando ya barabara bila kazi, na watu wa kukusanya vijana walilijua hilo. Walikuwa wa upande huu na wa upande ule, wengine na sare, wengine bila sare. Kijana alitoka kununua sabuni, kisha ukasikia amepandishwa milimani, kwenye njia ya Bugarama, akabebe mizigo ya watu wenye bunduki. Wachache walirudi. Mama zetu waliona kwamba chumba cha mshonaji kilijaza saa zilezile za hatari, na ndiyo maana mama yangu, ambaye hakuwahi kuninunulia hata mwanasesere, alinilipia abonema. Nilikuwa msichana pekee kwenye mkeka ule. Nilikuwa hodari wa mashindano ya magari na hovyo kabisa kwenye mpira.

Sheria zake zilikuwa chache, lakini hakuzilegeza. Hakuna matusi, kwa lugha yoyote, na alizijua nyingi. Adhana ikisikika, grupe inazimwa, Waislamu wanakwenda kuswali na Wakristo wanakaa kimya kwenye mkeka au wanasaidia kuokota pini. Ijumaa ilikuwa siku ya wanaoshindwa. Siku nyingine tulifuata desturi ya vyumba vyote vya mchezo, kwamba anayeshinda anabaki na anayefungwa anampisha mwingine. Lakini Ijumaa aliyeshinda ndiye aliyesimama, na aliyefungwa alibaki ameshika maneti mpaka ashibe.

Sheria hiyo aliitunga kwa ajili ya Desire. Desire alikuwa amekimbilia kwetu na wazazi wake kutoka milimani, wakaishi kwenye vibanda vya wakimbizi wa ndani, na baba yake akapata kazi kwenye kinu cha mawese. Kijana mpole, mrefu, mwenye vidole vizito. Alilipa abonema kama sisi wote, lakini alifungwa haraka sana hivi kwamba maneti haikuwahi kupata joto mikononi mwake.

“Huyu mutoto analipa kwa kuangalia migongo yenu,” Mama Abonema alisema siku moja. “Kuanzia Ijumaa, mwenye kushindwa anabaki.”

Aliyelalamika zaidi ni Wilondja, bingwa wetu. Wilondja alikuwa Mbembe, familia yake ilivuka kutoka upande wa Kongo, na asubuhi alianika ndagala za shangazi yake. Alikuja kuchezea kwetu akinuka samaki na manukato kwa pamoja. Alicheza akiongea, akijitangaza mwenyewe kama redio, na kama alikufunga mabao mengi alikupa pole kwa Kifaransa. Yeye ndiye aliyeazima diski ya mchezo wa vita kutoka kwa rafiki wa Uvira na kuileta kwa siri. Mama Abonema alisikia milio, akageuka.

“Hii iko ya nini?”

“Ya vita, mama. Ya kuchezea tu.”

“Risasi tunasikia bure,” akasema. “Mimi siuze kitu mutu anapata bure.” Aliitoa diski kwa vidole viwili, akamrudishia mwenyewe, na habari ikaishia hapo.

Kwa hiyo tulikuwa na mpira na magari, basi. Mpira wenyewe hakuuelewa, ingawa aliusikiliza kila siku kwa miaka. Alipenda timu kwa ushonaji wa jezi. Timu moja maarufu aliichukia kwa sababu kola zake, alisema, zilishonwa na mtu mwenye haraka. Alimhurumia golikipa, akidhani wenzake wamemtenga ndiyo maana amevaa nguo ya rangi nyingine, na tulipomweleza alisema hata hivyo wangemzungumzisha mara mojamoja.

Alikuwa bahili wa kuchekesha. Uzi wa urefu wa kidole hakuutupa. Kifungo kikianguka chini ya mkeka tulisimama wote mpaka kipatikane. Lakini mtu yuleyule hakuweza kuvumilia kuona nguo iliyochanika mbele yake, na aliishona papo hapo, wewe ukiwa ndani yake, bila kukutoza chochote. Nakumbuka Desire akijiandaa kupiga penalti, ya kwanza maishani mwake dhidi ya Wilondja, huku Mama Abonema amempigia magoti nyuma na kushona kola ya shati lake. “Usijitikise,” akamwambia. Desire hakujitikisa, hata vidole vyake havikujitikisa, na mpira ukatoka nje. Mpaka leo anasema alinyang'anywa ubingwa na sindano.

Kitu kingine nilichokipenda kwake ni kwamba hakujifanya anatupenda. Hakutuita malaika wala hakutugawia pipi. Ulipochelewa alikuuliza ulikuwa wapi, na alitaka jibu kamili: ulipita njia gani, ulikutana na nani, alikuuliza nini. Tuliona ni umbeya. Mama yangu alisema wanawake wote wanaoshona wana umbeya kwa sababu masikio yao hayana kazi.

Basi mwezi mmoja, mvua zikiwa zimeanza, alituambia abonema imepanda. Hakutuandaa. Alisema tu, akiwa anaingiza uzi kwenye sindano, kwamba mwezi unaokuja italipwa zaidi, tena zaidi sana, karibu mara mbili.

“Ni mazutu,” akasema.

Ni kweli mazutu ilikuwa shida. Barabara ya Bujumbura ilikuwa inafungwa na kufunguliwa, na mafuta mengi yalikuja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo, kwa bei aliyojisikia mwenye mtumbwi. Lakini nani anajali ukweli akiwa na umri ule na maneti mkononi? Tulitoka nje tukasimama kwenye ukuta wa jirani na kila mtu akasema lake.

“Muchezo ileile, televisheni ileile, bei mupya,” alisema Wilondja. “Hakuna hata diski mupya! Maneti ya pili kitufe chake kinakwama tangu Pasaka. Analipisha nini, huyu mama?”

Mwingine alisema anajenga nyumba Kigoma. Mwingine alisema kwamba karibu na soko la samaki kuna jamaa ana konsoli, bei nafuu, na huko mtu anaruhusiwa kucheza mchezo wowote hata kunywa bia. Mwingine aliapa kwamba atarudi kwenye karata, kwamba karata hazina mazutu. Waliosema watahama walikuwa wengi, na walisema kwa sauti kubwa ili isikike ndani. Kwa akina Desire bei mpya haikuwezekana hata wakiuza vyombo, na sote tulijua, na sote tulijua pia angekaa wapi alasiri kama si pale kwenye mkeka. Hilo ndilo liliniuma mimi. Wilondja, pamoja na maneno yake yote, naye lilimuuma.

Tukagoma. Siku ya kwanza ya mwezi hakuna aliyelipa, hakuna aliyeingia. Mama Abonema alifungua mlango saa ileile, akaketi kwenye cherehani yake, akashona. Hakutuita. Tulikaa ng'ambo ya njia tukimtazama, na sitaficha kwamba ulikuwa mgomo wa kuchosha sana. Kila baada ya muda alitoka mlangoni, akatuangalia mmoja mmoja kama mtu anayetafuta kitu kilichopungua, kisha akarudi ndani.

Wazo la mawese lilitoka kwa Desire. Alikuwa amesikia kinuni kwamba injini ya dizeli inakubali mawese yakichemshwa mpaka yawe mepesi na kuchanganywa na mazutu kidogo. Mawese Rumonge hayana shida. Kuna miaka tulipungukiwa kila kitu isipokuwa mawese. Tukamtuma Wilondja kama balozi, mimi nikamfuata nyuma nisije nikapitwa.

“Mama,” alisema Wilondja, “weye unasema shida iko mazutu. Sisi tutaleta mawese. Grupe itakunywa mawese, na bei itarudi pahali ilikuwa.”

“Mawese ni ya kupikia,” alisema.

“Ni mafuta, mama. Mashine haijue tofauti.”

Nilitegemea atatufukuza. Badala yake alimtazama Wilondja, kisha akauliza, “Na mazutu yangu itabaki?”

“Itabaki karibu yote.”

“Leteni,” akasema, haraka kuliko nilivyozoea kumwona akikubali jambo lolote.

Kesho yake tulichemsha mawese uani kwa makaa, Desire akiyakoroga kama daktari, tukayachuja kwa kitambaa cha bitana alichotupa mwenyewe, tukayamimina. Grupe ilikohoa. Ilitema moshi mweupe mzito, ikatulia, ikanguruma. Ndani televisheni ikawaka, na tukapiga kelele mpaka akaja kutunyamazisha. Tulicheza tukiwa washindi. Tatizo la kwanza lilikuwa harufu. Mtaa mzima ulinuka ndizi za kukaanga. Mwanamke mmoja alikuja na sahani akiuliza zinauzwaje, wa pili akaja kuuliza harusi ni ya nani na kwa nini hakualikwa. Mama Abonema aliwajibu wote kwa heshima kwamba ni jenereta, na wote waliondoka wakiwa wameudhika.

Kisha adhana ya alasiri ikasikika, na kama kawaida, grupe ikazimwa.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa na upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi. Mtu yeyote wa Rumonge anajua mawese yanafanyaje kwenye chupa siku ya baridi. Tumekua tukiyachota na kijiko. Lakini hakuna hata mmoja kati yetu aliyewaza kwamba yatafanya vilevile ndani ya mirija ya injini. Tulipotoka kuswali, grupe ilikuwa imeziba kuanzia chujio mpaka moyoni. Tulivuta kamba kwa zamu mpaka mikono ikachubuka.

Mama Abonema aliiangalia, akatuangalia. “Sasa iko imeshiba,” akasema, akarudi kushona.

Wiki iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Siku ya kwanza chumba kilikuwa kimya na sisi tukatawanyika barabarani, na Desire akasimamishwa na mtu asiyemjua karibu na maegesho ya magari. Mtu huyo alimuuliza ana umri gani na kama ana mabega ya kubeba. Desire alimwambia anakwenda kumwita kaka yake, akakimbia. Alifika mtaani midomo imekauka. Mama Abonema alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza njia, sura, viatu, kisha akatuambia sote kwamba kesho chumba kitafunguliwa saa ileile, umeme uwepo usiwepo, na habari ya abonema tutaiongea siku nyingine.

“Tutacheza nini, mama?” tukamuuliza. “Televisheni imekufa.”

“Mutacheza,” akasema.

Na tukacheza. Wilondja aliketi mbele ya kioo cheusi akitangaza mechi ya mdomo, na wawili walishika maneti wakibonyeza kwa bidii. Aliyebonyeza kwa nguvu zaidi kwa maoni ya Wilondja ndiye aliyefunga. Tulibishana kuhusu mabao ambayo hayakuwepo. Tuliotea, tulipata kadi nyekundu. Mimi niliendesha magari kwa mdomo mpaka sauti ikakauka. Desire alishinda mechi kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wilondja mwenyewe, ambaye alijitangazia kushindwa kwa huzuni kubwa na kujipa pole mwenyewe kwa Kifaransa. Kwenye cherehani mabega ya Mama Abonema yalikuwa yakitikisika, na haikuwa kwa sababu ya kushona.

Fundi wa mashine za mitumbwi alikuja baadaye akaifungua grupe, na sisi tuliosha kila mrija hadi kucha zikawa za rangi ya machungwa. Ilipowaka tena, bei mpya ilikuwa palepale, nasi tulikuwa tumeua jenereta ya watu, tungeanzia wapi kulalamika. Tulilipa. Wazazi walijibana, Wilondja aliongeza ndagala za kuanika, na Desire akaruhusiwa kuingia kwa kufagia mabaki ya vitambaa, kazi iliyochukua muda mfupi kuliko mechi zake. Tuliendelea kunung'unika, lakini kwa sauti ya chini, kama watu wanaolipia kitu wasichoweza kukiacha. Hivyo miaka ikapita, mkeka ukachakaa, na tulipokuwa wakubwa kila mmoja akaenda na maisha yake.

Nilimwona tena Mama Abonema huko Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania. Vita vilikuwa havijaisha rasmi, lakini barabara zilianza kupitika na mimi nilikuwa nikifuata vitenge. Alikuwa amehamia kwa binti yake. Nilimkuta kibarazani akishona wavu wa mtu, miwani imefungwa kwa uzi.

“Amahoro, mama.”

Aliinua uso, akanitazama. “Mwenye magari,” akasema. “Kaa.”

Aliniuliza habari za wenzangu, si kwa majina ila kwa uchezaji wao. Yule mwenye kujitangaza? Ana duka Uvira, nikasema, na bado anajitangaza. Yule mwenye vidole vizito? Anafundisha hesabu, ameoa. Aliwataja wote, hata ambao mimi nilikuwa nimewasahau, na kila nilipomjibu alipitisha sindano mara moja.

“Wote bado wako?”

“Wote wako, mama.”

Alipitisha sindano tena, kisha akasema kitu nisichokitegemea. “Mazutu ilipanda kidogo tu, mwaka ule mulinigomea. Mulipanda nyinyi.”

Nikamwambia sijaelewa.

“Kulikuwa mutu,” akasema. “Mukubwa wa wale wenye kukusanya vijana. Alikuja nimupunguzie suruali, akawaona kwenye mukeka. Tukaongea. Kila mwezi nilikuwa ninamupa bidoni moja ya mazutu, dumu nzima, na yeye anaambia watu wake wapite mbali na mulango yangu. Halafu akasema watoto wameongezeka. Anataka bidoni mbili.” Alivuta uzi. “Sikuwadanganya. Nilisema ni mazutu.”

Nilihisi machozi yanakuja, naye akaona, akaharakisha kunichekesha.

“Mwezi wa mawese sikumulipa. Alikuja, nikamupeleka kwa grupe. Akanusa. Akauliza, munapika nini humu? Nikamueleza. Alicheka mupaka akashika ukuta. Akasema mama, mwezi huu usinilipe.”

Nikacheka kweli, machozi yakiwa yananitoka vilevile. Binti yake alichungulia kuona kuna nini, akarudi ndani.

“Lakini mbona hukutuambia?” nikamuuliza nilipopata sauti. “Tungelipa, mama. Hakuna hata mmoja angegoma.”

“Ndiyo, mungelipa.” Alikata uzi kwa meno, akaunyoosha wavu magotini. “Lakini mungecheza vibaya.”